Kijana anataka kuniuzia kifaa cha kunasa Wi-Fi: kitanisaidia?

Swali: Nina nyumba ya wageni ya vyumba 18 huku Bwiru, upande wa mlimani. Nimefungiwa faiba. Ruta kuu iko mapokezi, nyingine mbili za kusaidia ziko ghorofani. Mchana mtandao uko vizuri, lakini kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne wageni wa juu wanalalamika, wengine wanadai warudishiwe hela. Fundi wa kwanza alisema kuna mtu ananiibia. Sasa amekuja kijana na kifaa kidogo chenye kioo, kinaingia mfukoni. Anasema kinanasa Wi-Fi yote na nitaona kila mgeni anafanya nini, hadi nywila. Ninunue? Na sitaingia matatani?
Mama mwenye nyumba ya wageni, Bwiru

Jibu:

Mama, shikamoo. Hela yako usiitoe kwanza. Vifaa vya aina hiyo vipo kweli na vinafanya kazi, hata mimi natembea na kimoja kwenye begi la kazi. Ila kazi yake siyo hiyo aliyokuahidi. Nywila za wageni hutaziona, na wanachosoma au kuandikiana hutakiona. Utakachoona ni mambo yanayopita hewani kati ya simu na ruta: nani anaongea na nani, anasikika kwa nguvu gani, anaongea kwa kasi gani, na mara ngapi imebidi arudie. Inasikika kama kitu kidogo. Kwa tatizo lako, hicho ndicho chenye jibu.

Kabla ya kununua chochote, fanya jambo la bure. Saa mbili na nusu usiku, malalamiko yakiwa yamepamba moto, mtu achomeke kompyuta kwenye ruta ya mapokezi kwa waya, azime Wi-Fi ya kompyuta hiyo, apime kasi. Kama hata kwa waya mtandao umekufa, tatizo liko kwa mtoa huduma au kwenye kifurushi chenyewe, na hakuna kifaa cha mfukoni kitakachokusaidia. Kama kwa waya unakimbia na vyumbani unakwama, endelea kusoma. Wewe umesema wanaolalamika ni wa juu, siyo wa chini, kwa hiyo mimi nashuku ni hewani.

Na huyo mwizi? Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, utakuta orodha ya vifaa vilivyoungwa. Wageni wenye simu ni kumi na wanne na vifaa ni arobaini? Nywila imetoka nje, ibadilishe kesho asubuhi. Kama imebandikwa kwenye karatasi ukutani mapokezi, huyo siyo mwizi, ulimkaribisha.

Sasa hicho kinachonaswa. Wi-Fi hukata kila kitu vipande vipande, na kila kipande kinaitwa fremu. Kuna fremu za usimamizi, kama zile ambazo ruta inatangaza jina lake karibu mara kumi kila sekunde, au simu inapoomba kuungwa. Kuna za udhibiti, fupi sana, kama ile ya kukiri kwamba mzigo umefika. Halafu kuna za data, zinazobeba video na ujumbe. Kwenye mtandao wenye nywila, mwili wa fremu ya data husimbwa usisomeke. Kichwa chake hakisimbwi, kwa sababu kila kifaa kilicho jirani lazima kijue fremu ni ya nani na itachukua muda gani. Humo kichwani mna anwani za vifaa, na mna alama moja ndogo ambayo mimi huiangalia kabla ya nyingine zote: alama ya marudio. Maana yake ni kwamba fremu hii ilishatumwa, haikukiriwa, sasa inatumwa tena. Kifaa kinachonasa nacho huongeza maelezo yake juu: nimeisikia kwa nguvu kiasi gani, chaneli ipi (yaani njia ipi ya hewani), kasi ipi.

Mwili hauwezi kufunguliwa kabisa? Kwa WPA2, mfumo wa ulinzi wa mwaka 2004 ambao nyumba nyingi bado zinautumia, mtu anayeijua nywila ya Wi-Fi yako, tena akawahi kunasa fremu nne za mwanzo simu fulani inapounganishwa, anaweza kufungua fremu za simu hiyo. Ila akishafungua atakuta kufuli la pili. Benki, WhatsApp, barua pepe na karibu kila tovuti ya maana husimba mawasiliano yake kuanzia kwenye simu hadi kwenye seva. Ataokota majina ya tovuti, basi. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, imeziba hata hilo tundu la kwanza: kuijua nywila peke yake hakutoshi kufungua kilichonaswa. Kwa hiyo kijana anayesema atakuonyesha nywila za wageni, ama hajui anachouza, ama anafikiria ukurasa wa uongo wa kuwadanganya watu waandike nywila zao wenyewe. Huo ni utapeli, usiuruhusu chini ya paa lako.

Kifaa chake kwa maelezo yako huenda kina chipu ya ESP8266 au ESP32 za kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ni chipu nzuri na za bei ya chini, ndizo zilizomo kwenye taa na soketi zinazowashwa kwa simu. ESP32 inaweza kukaa kimya, ikasikiliza, ikaandika fremu kwenye kadi ya kumbukumbu. Lakini Wi-Fi hutumia zaidi masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, nayo inasikia GHz 2.4 tu, na mazungumzo yakiwa mengi inazidiwa, inaacha fremu zipite bila kuziandika. Wa kwanza katika ukoo huo kusikia GHz 5 ni ESP32-C5, na si rahisi kuwa ndiyo aliyokuletea. Tena vingi vya hivi vinavyouzwa vikiwa na kioo na betri vimepakiwa programu ya kukata watu: kifaa kinajifanya ruta yako na kuziaga simu za wageni, nazo zinakatika. Akikuonyesha hilo pale mapokezi utashangaa kweli. Faida yake kwako ni sifuri, na kumfanyia mtu hivyo ni kosa.

Mwingine atakushauri Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta nzima yenye urefu wa milimita 65 iliyotoka Oktoba 2021 kwa dola 15 za Marekani. Hiyo naipenda. Unaichomeka kwenye powerbank, unaiacha juu ya kabati ghorofani, inasikiliza usiku kucha hata Tanesco wakikata. Tatizo ni Wi-Fi yake ya ndani. Nayo ni ya GHz 2.4 peke yake, na kama ilivyotoka kiwandani haikubali hali ya kusikiliza kila kinachopita. Inahitaji programu ya kiraka iitwayo Nexmon. Njia fupi ni kuiongezea kadi ya Wi-Fi ya USB.

Kwenye kadi ndiko watu wanakolia. Kinachonunuliwa ni chipu iliyo ndani, siyo jina lililo juu ya boksi. Mfano ni TP-Link TL-WN722N, kadi iliyopata sifa kwa wanaonasa Wi-Fi kwa sababu toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya AR9271. Kuanzia toleo la pili wakaweka chipu nyingine ya Realtek, jina likabaki lilelile. Mpaka leo watu wanainunua kwa sifa ya ile ya zamani, halafu wanashinda siku nzima wakitafuta kwa nini haitii. AR9271 ni ya GHz 2.4 tu. Inayosikia 2.4 na 5, na ambayo Linux ya kisasa, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, inaitambua yenyewe, ni MT7612U. Dukani muulize muuzaji chipu. Akikujibu kwa rangi ya boksi, ondoka. Mwenye kompyuta ya Mac hahitaji kadi yoyote, uwezo wa kunasa umo ndani ya mfumo wake. Simu ya Android ya kawaida hainasi fremu, ila zipo programu za bure zinazoonyesha majina ya mitandao, chaneli zake na nguvu zake, na mimi kazi kama yako huanza na hiyo kabla sijafungua begi.

Kwa nyumba moja nisingenunua kitu. Ningemtafuta mwanafunzi wa kompyuta mwenye laptopu ya Linux na kadi inayofaa, nimlipe kwa jioni moja. Mpe maelekezo haya.

Kwanza ajue ruta zako ziko chaneli gani, maana kadi moja inasikia chaneli moja kwa wakati mmoja. Programu zinazorukaruka chaneli zinapendeza machoni, lakini huwezi kupima msongamano kwa kusikiliza kila chaneli robo dakika. Akae kwenye chaneli moja kwa dakika kumi, kisha ahamie nyingine. Akae ghorofa ya juu, mlangoni kwa mgeni aliyelalamika, siyo mapokezi. Anase saa mbili na nusu usiku, na anase tena saa nne asubuhi ili awe na cha kulinganisha. Kwa kadi iliyopewa jina wlan1 na ruta iliyo chaneli 6 ataandika hivi:

sudo ip link set wlan1 down
sudo iw dev wlan1 set type monitor
sudo ip link set wlan1 up
sudo iw dev wlan1 set channel 6
sudo tcpdump -i wlan1 -s 200 -w usiku.pcap

Hiyo -s 200 msisitizie asiiache. Inaiambia tcpdump, programu inayonasa, ihifadhi baiti 200 za mwanzo za kila fremu na kutupa zinazobaki. Kichwa kinapatikana, mzigo mwingi wa mgeni hauhifadhiwi, na faili linabaki dogo.

Faili atalifungua kwenye Wireshark, programu ya bure ambayo Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 ikiitwa Ethereal. Mtu akiifungua mara ya kwanza anaona mistari maelfu ya rangi rangi, anakata tamaa. Asisome mistari. Ahesabu.

Kwanza marudio. Achuje kwa kuandika wlan.fc.retry == 1, pamoja na anwani ya ruta yako, aone ni sehemu gani ya fremu za data. Kwangu mimi chini ya asilimia 10 sihangaiki. Ikipita 25, wageni wanasikia maumivu hata kama faiba yako ni ya kifahari. Marudio yakiwa mengi chumba kimoja tu, angalia kati ya chumba hicho na ruta kuna nini. Mwanza hii nyumba nyingi zimejengwa zikikumbatia mawe, na ukuta ulioegemea jabali la matale hauvukwi na wimbi la Wi-Fi, uweke antena ngapi.

Pili nguvu, inayopimwa kwa dBm, namba hasi ambapo iliyo karibu na sifuri ndiyo kubwa. Mlangoni ruta yako ikisikika kwa -60, hapo pazuri. Kwa -80, simu itaungwa na itaonyesha vijiti, lakini itaongea polepole mno. Na anayeongea polepole haumii peke yake. Chaneli ni moja na anaongea mmoja tu kwa wakati. Simu ya mbali inayosukuma video kwa kasi ndogo ni kama lori linalopanda kivuko cha Kamanga kwa kujivuta: gari dogo lililo nyuma lina mwendo, ila litasubiri. Ndiyo maana mgeni mmoja wa chumba cha pembeni anaweza kuwaharibia wote walio karibu na ruta.

Tatu, matangazo ya majina. Achuje wlan.fc.type_subtype == 8, ahesabu ni mitandao mingapi inayosikika kwenye chaneli yako. Hapa ndipo nadhani ugonjwa wako ulipo, na sababu ni mlima. Nyumba iliyo tambarare imezibwa na nyumba za jirani. Wewe uko juu, mteremko wote uko wazi mbele ya dirisha, na ruta yako ya ghorofani inasikia ruta za chini ambazo zenyewe kwa zenyewe hazisikiani. Sheria ya Wi-Fi ni kusikiliza kabla ya kusema: ikisikia mtu wa chaneli hiyohiyo anaongea, inangoja. Mchana watu wako kazini, kumetulia. Saa mbili usiku mteremko mzima umerudi nyumbani na umewasha video. Ghorofa ya chini imekingwa na kuta na miti, haisikii kelele hizo, ndiyo maana wa chini hawalalamiki.

Tena kelele zipo hata watu wakiwa wamelala. Ruta nyingi bado zinatangaza jina kwa kasi ya zamani kabisa, megabiti 1 kwa sekunde. Tangazo la baiti 250 kwa kasi hiyo linachukua milisekunde 2.2 hivi. Mara kumi kwa sekunde ni milisekunde 22. Majina 20 yakisikika vizuri kwenye chaneli moja ni milisekunde 440, karibu nusu ya kila sekunde imeliwa na majina matupu, hakuna aliyefungua hata picha moja. Na wewe mwenyewe huenda unachangia. Ruta zako tatu, kama kila moja inatangaza majina matatu, tuseme "Wageni", "Ofisi" na "VIP", ni matangazo tisa.

Kuna jambo la nne ambalo kwako ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: hizo ruta mbili za kusaidia. Zimevutiwa waya, au zinadaka Wi-Fi ya mapokezi na kuirusha upya? Kama zinarusha kwa chaneli ileile, kila fremu inapita hewani mara mbili, mara tatu kama moja inadaka kutoka kwa mwenzake. Kwenye faili itaonekana wazi: ruta zako zinaongea zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyoongea na simu. Ukikuta hivyo, vuta waya kwanza, mengine yatafuata.

Mwisho aangalie fremu za kuaga, wlan.fc.type_subtype == 12. Chache ni za kawaida, simu zinatoka na kurudi. Zikija mamia kwa dakika kwa jina la ruta yako, na wageni wanakatika pamoja, kuna mtu ana kifaa kama cha yule kijana. Dawa yake ni ulinzi wa fremu za usimamizi, uliowekwa kwenye viwango mwaka 2009 kwa jina 802.11w, WPA3 inaulazimisha, na ruta nyingi za sasa zinaweza kuuwasha kwenye WPA2 pia. Wakati yuko hapo aangalie kama kuna mtandao wenye jina lako hasa ambao anwani yake siyo ya ruta zako. Ukiupata, waambie wageni usiku uleule.

Matengenezo hayahitaji maneno mengi. Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, na upana wa MHz 20. Mtu anayekaa chaneli 3 au 4 akidhani kakimbia msongamano anawagonga wa 1 na wa 6 kwa pamoja, naye anagongwa na wote wawili. Zima kasi za zamani za 802.11b, kiwango cha Wi-Fi cha zamani, kama ruta inaruhusu. Bakiza majina mawili. Punguza nguvu ya ruta ya ghorofani, usiiongeze. Fundi atabisha, mwache abishe. Halafu wahamishie wageni GHz 5, chaneli 36 hadi 48. Watu wanailaumu GHz 5 kwamba haivuki kuta. Kwa nyumba iliyo mlimani hiyo ndiyo sifa yake: za jirani hazikufikii kwa urahisi na yako haiwafikii kwa urahisi, mradi kila ghorofa iwe na ruta yake yenye waya.

Kuhusu matatani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamkataza mtu kunasa kwa makusudi na bila uhalali mawasiliano yasiyo ya umma. Kupima mtandao wako ili uutengeneze ni jambo moja. Kufungua mazungumzo ya mgeni au ya jirani ni jambo jingine kabisa, na kuwa mwenye ruta hakukupi ruhusa hiyo. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anwani ya simu inayoweza kukuelekeza kwa mgeni wa chumba fulani mimi naichukulia kama taarifa yake. Mawimbi hayajui mpaka wa kiwanja, kwa hiyo fremu za jirani zitaingia kwenye faili hata usipotaka. Ndiyo sababu ya ile 200. Bandika tangazo mapokezi kwamba jioni hiyo mtandao unapimwa, nywila ya Wi-Fi yako usiiweke kwenye Wireshark, na ukishahesabu futa faili pale pale, kwenye laptopu ya mwanafunzi pia, wewe ukiwa umesimama. Kama unataka kuhifadhi kumbukumbu za wageni kwa muda mrefu, hilo muulize mwanasheria, siyo fundi.

Akimaliza, niandikie mambo manne: asilimia ya marudio usiku na asubuhi, nguvu ya ruta mlangoni kwa aliyelalamika, idadi ya majina yanayosikika kwenye chaneli yako, na kama hizo ruta mbili zina waya au hazina. Faili usinitumie.